Shajara ya mradi: kukokotoa upya ada za vibali vya ujenzi na maji ya mvua katika manispaa yetu

Shajara hii ni ya wachumi, maofisa mipango miji na waweka hazina wa halmashauri nyingine watakaoambiwa siku moja, kama tulivyoambiwa sisi, "pitieni upya ada zenu ziendane na gharama." Manispaa yetu ni ya pwani ya Tanzania. Jina siliweki, maana baadhi ya hesabu bado ziko mezani kwa wakubwa. Maingizo nayaongeza hatua inapokamilika. Hatua za kawaida nimezipitia haraka. Palipokwama nimeeleza kwa kirefu.

11 Septemba 2023: Hoja ya ukaguzi

Mradi umezaliwa na hoja ya ukaguzi. Mkaguzi aliuliza swali moja tu: ada zenu za kibali cha ujenzi zimetokana na hesabu gani? Tulifukua mafaili. Sheria ndogo inayotumika ilinakiliwa kutoka halmashauri nyingine miaka mingi iliyopita, na kifungu kimoja bado kina jina la halmashauri hiyo. Hesabu haikuwepo. Kilichokuwepo ni jedwali la viwango kwa mita za mraba za sakafu, na watu wameliheshimu muda wote huo kama msahafu.

Maelekezo ya Mkurugenzi: tukokotoe gharama halisi ya kuchakata kibali, tuone ada inafidia kiasi gani, na papo hapo tuangalie kama tunaweza kuanzisha ada ya maji ya mvua. Mifereji inaziba kila masika, na fungu la kuizibua huisha mwaka wa fedha ukiwa bado mbichi.

Mwanasheria alituwekea uzio siku ya kwanza. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa sheria ya Bunge au kwa utaratibu uliowekwa na sheria hiyo. Halmashauri inapata nguvu ya kutoza kutoka Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kupitia sheria ndogo ambazo lazima ziidhinishwe na waziri mwenye dhamana na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Akaongeza kwamba tangu mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, MKUMBI, upitishwe mwaka 2018, tozo kero zimekuwa zikifutwa, kwa hiyo ada mpya isiyo na huduma inayoonekana itarudishwa mlangoni. "Mkishindwa kunionyesha huduma," alisema, "msinipe niandike."

Gharama hadi hapa: chai.

6 Novemba 2023: Karatasi za muda zimeshindwa

Tulianza kwa njia inayofundishwa kila mahali: kila ofisa ajaze karatasi ya muda. Kupokea maombi, kukagua ramani, kwenda saiti, kuandaa kikao cha wataalamu, kuandika kibali, na kadhalika. Mipango miji, mhandisi wa majengo, mpima, afisa afya, wote walipewa.

Karatasi ziliporudi zilikuwa safi mno. Kila kazi "saa 1". Kukagua ramani ya nyumba ya vyumba vitatu, saa 1. Kukagua ramani ya hoteli, saa 1. Ukitazama wino unaona karatasi ya wiki nzima imejazwa kwa mkupuo, kalamu moja, mkono haujainuka. Siwalaumu. Mtu mwenye foleni ya waombaji mlangoni hawezi kuandika dakika zake huku akiwasikiliza.

Tukajaribu kutumia mihuri ya muda ya mfumo wa TAUSI, ambako maombi yanaingia. Nayo ilitupotosha, kwa sababu inaonyesha faili limekaa kwa ofisa muda gani, haionyeshi limefanyiwa kazi muda gani. Faili linaweza kukaa wiki mbili likisubiri kikao na likafanyiwa kazi nusu saa tu.

Kilichofanya kazi ni cha kizamani. Tulichukua karani mmoja wa mkataba, tukamwambia achague faili na alifuate. Faili likiwa mezani kwa mhandisi, karani yupo. Likienda saiti, karani yumo kwenye gari. Anaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, basi. Tulihakikisha ana mchanganyiko: nyumba za kawaida, ghorofa, fremu za biashara, uzio, mabadiliko ya matumizi.

Kwa nyumba ya kawaida, kukagua ramani ofisini ni kazi ndogo kuliko tulivyodhani. Muda mwingi unaliwa na safari za saiti: msingi, linta, paa, umaliziaji. Na kwa ghorofa na majengo ya biashara, kinachokula muda ni ramani kurudi. Mchoraji analeta, mhandisi anaandika dosari, inarudi na dosari nusu, inaandikwa tena. Jedwali letu la ada halina neno hata moja kuhusu ramani iliyorudi mara ya tatu. Anayeleta ramani sahihi mara ya kwanza na anayetufanya tuisome mpaka tunaikariri wanalipa sawasawa.

Gharama: karani, TSh 2,400,000.

22 Januari 2024: Bei ya saa moja, na mshahara ni wa nani

Ukishajua saa, unahitaji bei ya saa. Rasimu ya kwanza iligawa gharama ya mwaka ya ofisa kwa saa 2,080, yaani wiki 52 mara saa 40. Hesabu hiyo inadhani ofisa haendi likizo, haumwi, hana Idi wala Pasaka, na hakai kikaoni. Tuliirekebisha hivi: siku 365, toa Jumamosi na Jumapili 104, toa likizo (siku za kazi 20), toa sikukuu kama 15, toa siku 10 za ugonjwa na mafunzo. Zinabaki 216. Mara saa 8 ni 1,728. Kisha tukachukua asilimia 70, kwa kuwa zinazobaki ni vikao, ripoti na wageni wa ghafla. Inabaki kama saa 1,210.

Kwa ofisa anayegharimu TSh 18,000,000 kwa mwaka pamoja na michango ya mwajiri, hesabu ya kwanza inatoa kama TSh 8,650 kwa saa, ya pili kama TSh 14,900. Ukikosea hapa, kila kitu kinachofuata kimekosea.

Basi tukapeleka jedwali kwenye kikao cha ndani tukijiona tumemaliza. Mweka Hazina akalitazama, akavua miwani. Akauliza: mishahara ya hawa watu inalipwa na nani? Inalipwa na Hazina, siyo na mapato ya ndani. Mwananchi amekwisha kuilipa kwa kodi. Tukiiweka kwenye ada, mheshimiwa diwani atasimama aseme tunamtoza mpiga kura wake mara mbili, na atakuwa na hoja.

Mabishano yalichukua mchana mzima. Upande mmoja ulisema gharama ni gharama, na bila mshahara takwimu za ufidiaji ni za uongo. Upande wa Mweka Hazina ulisema ada ifidie kile tu kinachotoka mfukoni mwa manispaa: dizeli, matengenezo ya gari, posho, watumishi wa mkataba, karatasi, intaneti, na mhandisi wa nje tunayemlipa ili apitie hesabu za ghorofa ndefu. Mimi nilianza upande wa kwanza na nikahamia wa pili, na nadhani ndio sahihi kwa nchi yetu. Tukakubaliana jedwali libaki na safu mbili: gharama kamili, na gharama ya mapato ya ndani. Ya kwanza ni ya kujua. Ya pili ndiyo msingi wa ada. Halmashauri zitakazonakili kazi hii zisifute safu ya kwanza, kwa sababu mkaguzi ataiuliza.

Kisha tukapiga hesabu ya safari ya saiti. Kutoka na pikapu kwenda kata za pembezoni na kurudi: dizeli lita 8 kwa TSh 3,100, sawa na 24,800, posho ya watu watatu, dereva akiwemo, 30,000, vocha na vifaa vidogo 3,200. Jumla TSh 58,000. Nyumba moja ina ukaguzi wa hatua nne. Ukienda kila mara kwa ajili yake peke yake ni TSh 232,000, na ada tunayotoza nyumba ya mita za mraba 120 ni TSh 80,000 kwa kila kitu.

Hapo kila mtu mezani akasema: tumeona, ada ipande mara tatu.

Mhandisi ndiye aliyezuia. Kwa nini tunaenda kwa ajili ya nyumba moja? Kwa sababu mwombaji anakuja asubuhi, analalamika fundi wake amekaa bure, na gari linatoka. Akapendekeza siku maalumu kwa kila ukanda: kata za kaskazini Jumanne, kusini Alhamisi. Gari likitoka na saiti sita, ongeza lita 4 za kuzunguka (TSh 12,400), jumla TSh 70,400, ambayo ukiigawa kwa sita ni kama TSh 11,700 kwa saiti. Hatua nne ni TSh 46,900.

Nyumba ya kawaida, basi, haikuwa inatutia hasara kwa sababu ada ni ndogo. Ilitutia hasara kwa sababu ya jinsi tulivyoendesha gari. Ada ya nyumba ya kawaida tumeiacha ilipo. Ratiba ya Jumanne na Alhamisi imeanza bila sheria ndogo, bila mkutano na bila kibali cha mtu yeyote. Mafundi walinung'unika wiki za mwanzo, kisha wakaanza kupanga kazi zao kwa kuifuata.

11 Machi 2024: Mfereji huu ni wa nani?

Sehemu ya pili, maji ya mvua. Wazo la awali lilikuwa ada ya mwaka kwa kila kiwanja, kulingana na eneo lililozibwa, yaani paa, zege na vitofali vya kutandaza. Miji mingine duniani inafanya hivyo. Philadelphia, Marekani, ilianza mwaka 2010 kuhamia kwenye ada inayofuata eneo lisilopitisha maji, na Ujerumani miji mingi imetenganisha ada ya maji taka na ya maji ya mvua. Kinadharia ni haki tupu. Kiwanja cha mita za mraba 600 kilichotandikwa chote, mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa saa moja, kinamwaga kama mita za ujazo 27, karibu maboza matatu ya lita elfu kumi. Kiwanja hicho hicho kikiwa mchanga na minazi kinamwaga kama 6. Tofauti inaenda mtaroni, au sebuleni kwa jirani.

Kabla ya bei tulitaka orodha ya mifereji yenyewe. Tukatembea na ramani. Na hapo mradi ukaanza kupungua mkononi. Mifereji ya kando ya barabara za mitaa ni ya TARURA, wakala ambao tangu mwaka 2017 ndio wenye barabara za vijijini na mijini. Ya kando ya barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara za kitaifa. Mito na vijito viko chini ya bodi ya maji ya bonde, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Majitaka yana mamlaka yake na bei zake zinapitia EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kilichobaki kwetu ni mitaro inayopita kati ya nyumba, ya masoko, ya stendi, na matoleo machache (midomo ya kutolea maji) yaliyojengwa na miradi kisha tukakabidhiwa bila fungu la kuyatunza.

Tulikuwa tumeandika kwenye dhana ya mradi "mtandao wa mifereji wa manispaa". Ukiuchora ulivyo kisheria, ni vipande vipande, kimoja hapa, kingine kule, katikati kuna mfereji wa mtu mwingine. Ukizibua kipande chako huku kinachofuata kimejaa mchanga, maji yanarudi yalikotoka.

Mtu mmoja kikaoni akatoa wazo la LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme tangu 2021, sasa ni TSh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kwa nini na yetu isiingie humo? Linavutia, lakini mlango ule ulifunguliwa na sheria ya Bunge, si sheria ndogo ya manispaa. Tuliliandika na kuliacha.

13 Mei 2024: Bati lenye kutu lina rangi ya udongo

Pamoja na mashaka hayo, tulijaribu kupima eneo lililozibwa kwenye kata mbili ili tupate takwimu za majadiliano. Vijana wa chuo waliokuwa mafunzo kwa vitendo walichora mapaa kutoka picha za satelaiti. Kazi nzuri na ya haraka, kwa bei ndogo.

Masika yalituchelewesha, na tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kilipotua pwani kila gari la manispaa lilikuwa kwenye dharura. Maji yalipopungua tukaenda kuhakiki kwa futi kamba.

Kwenye picha, bati jipya linang'aa, halina shida. Bati la zamani lililoshika kutu lina rangi ile ile ya ua wa udongo mwekundu, na vijana walikuwa wameruka nyumba nzima nzima. Makuti yalichorwa kama miti. Miembe ilifunika mabanda ya uani. Na vitofali vya kutandaza, ambavyo ndivyo vinavyoongeza maji kwa kasi kwenye mitaa ya wenye uwezo, vikiwa na vumbi havitofautiani na changarawe. Makosa hayo yalikuwa na upande: nyumba duni zilipotea kwa sababu ya kutu, na nyua za kifahari zilipotea kwa sababu ya vumbi. Ankara yoyote ambayo ingetoka hapo ingepingwa, na mlalamikaji angeshinda kwa kutuonyesha ukuta wake.

Marekebisho: tuliacha kupima mita kwa mita. Tukaweka madaraja matatu kwa kiwanja, chini ya mita za mraba 100, 100 hadi 300, na zaidi ya 300. Daraja unaweza kulihakiki ukiwa umesimama getini, na mpaka mmoja ukikosewa kwa mita chache hakuna kinachobadilika kwa viwanja vingi. Wataalamu wa picha hawakufurahi. Watendaji wa mitaa walilielewa mara moja.

Gharama: posho za wachoraji TSh 4,800,000, uhakiki wa miguu TSh 1,150,000.

19 Agosti 2024: Mikutano ya kata

Mwanasheria alisisitiza jambo moja kabla ya mikutano. Kenya, mwaka 2014, Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria zetu ni tofauti, lakini kosa ni lile lile tunaloweza kulifanya sisi: kukusanya saini za mahudhurio na kuziita maoni. Akataka kila mkutano uwe na mtu wa kuandika hoja, jina la mtaa, na jibu lililotolewa. Daftari hilo ndilo lililotuokoa baadaye.

Ada za vibali zilipita bila kelele kubwa. Nyumba ya kawaida haipandi. Anayerudisha ramani mara ya tatu analipa. Anayebadilisha ramani katikati ya ujenzi analipa. Ghorofa inalipia mhandisi wa nje kwa bei tunayolipa sisi, bila nyongeza. Wajenzi wa ghorofa walipinga kipengele cha mwisho mpaka tulipowaonyesha ankara.

Maji ya mvua ni habari nyingine. Kwenye kata ya bondeni, mama mmoja muuza vitumbua alisubiri tumalize mchoro wetu wa paa na maboza, akasimama, akasema: "Mwanangu, nimekuelewa vizuri. Sasa nionyeshe huo mfereji." Tukageuka. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na njia ya maji iliyochimbwa na maji yenyewe, imejaa chupa za plastiki na nepi. Hakuna mfereji. Tulikuwa tunataka alipe TSh 12,000 kwa mwaka kwa huduma ambayo haipo kwake.

Kata ya mwinukoni walisema kinyume chake: sisi hatufuriki, tulipie nini? Nao ndio wenye vitofali na mapaa makubwa. Maji yanayomfika mama yule yanatoka kwao. Kihesabu wao ndio walipaji. Kihuduma hawapokei chochote wanachokiona. Na bondeni wanaopokea maji hawana mfereji wa kulipia. Tuliligeuza hili kila upande kwa wiki kadhaa. Ada inadai huduma kwa anayelipa. Tulichokuwa nacho ni madhara yanayosafiri kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na hilo linafanana zaidi na kodi au faini kuliko ada.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Mweka Hazina alilitaja njiani. Fedha ya ada hii ikiingia kwenye mapato ya ndani ya kawaida, asilimia 10 inatengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na sehemu kubwa ya kinachobaki inaelekezwa kwenye miradi ya maendeleo, siyo matengenezo. Ili ibaki kwenye mifereji ingebidi itambuliwe kama mapato lindwa, yaani ya matumizi maalumu tu, na hoja ya kuyalinda ni huduma mahsusi. Tunarudi kwa mama wa vitumbua.

Tukafuta ada ya mwaka. Gharama: mikutano (viti, kipaza sauti, maji, nauli za wajumbe) TSh 9,730,000.

21 Oktoba 2024: Shimo lililopo kwenye ramani tu

Tulichobakiza ni ada ya mara moja wakati wa kibali, kwa jengo jipya au upanuzi wa daraja la pili na la tatu. Huduma yake inaonekana: mhandisi anakagua maji ya kiwanja yatakwenda wapi, anaonyesha toleo, anarudi kuhakiki. Na anayechimba shimo la kunyonya maji au kuweka tenki la kuvunia mvua la ujazo wa kutosha anapata nafuu.

Tuliifanyia jaribio la ndani kwa waombaji waliokubali, bila kutoza. Kila ramani ikaja na shimo. Duara zuri, kipimo sahihi, lebo imeandikwa. Wachoraji waliambiana haraka, na ukitazama kwa makini duara ni lile lile limenakiliwa. Tulipokwenda saiti wakati wa paa, mashimo mengi hayakuwepo. Moja lilikuwepo, limejazwa vifusi.

Wazo la kwanza la kurekebisha: alipe yote, arudishiwe akishachimba. Mhasibu alilikataa kabla hatujamaliza sentensi. Fedha ikishalipwa kwa namba ya malipo na kuingia benki, kuirudisha kunahitaji bajeti, hati ya malipo na saini, na mwananchi atazungushwa mpaka achoke. Marejesho ya namna hiyo huishia kuwa hoja ya ukaguzi.

Wazo lililofanya kazi: kugawa ankara mara mbili. Nusu ya kwanza wakati wa kibali, inafidia ukaguzi wa mchoro. Nusu ya pili inatolewa siku ya ukaguzi wa paa. Mkaguzi akiliona shimo, anaweka futi kamba ndani, anapiga picha yenye namba ya kiwanja, na ankara ya pili haitoki. Asipoliona, inatoka palepale. Hakuna fedha ya kurudisha. Ukaguzi wa paa upo tayari kwenye ratiba ya Jumanne na Alhamisi, kwa hiyo safari haiongezeki.

Uchimbaji wenyewe una kasoro moja ambayo wenzetu wa pwani waangalie. Sehemu za chini maji ya ardhini yako karibu mno, na shimo linajaa kutoka chini kabla mvua haijafika. Huko tunakubali tenki tu.

3 Februari 2025: Madiwani

Tulichelewa kwa makusudi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa 27 Novemba 2024, na hakuna mwenyekiti wa mtaa anayetaka neno "ada" karibu na jina lake wakati wa kampeni. Rasimu ikaenda Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, kisha Kamati ya Fedha na Uongozi, mwezi Januari.

Swali la mshahara wa Hazina liliulizwa dakika za kwanza, kama Mweka Hazina alivyotabiri. Safu ya pili ya jedwali ikajibu. Swali la "wananchi walisemaje" lilijibiwa kwa daftari la mikutano, na diwani wa bondeni alisoma mwenyewe kwa sauti hoja iliyotoka mtaani kwake na jibu kwamba ada ya mwaka imefutwa. Baada ya hapo hali ya hewa kikaoni ilibadilika.

Walikataa kitu kimoja, na walikuwa na haki. Tulikuwa tumependekeza sehemu ya dizeli kwenye ada ya ukaguzi wa marudio ijirekebishe yenyewe kufuata bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila mwezi. Mwanasheria akasema kiwango kinachobadilika bila kupita kwenye Baraza na kwa waziri si kiwango cha sheria ndogo. Mstahiki Meya akasema kwa Kiswahili chepesi zaidi: mwananchi anataka kujua kesho atalipa ngapi. Tukaweka kiasi kamili kilichokadiriwa kwa bei ya wastani, na kifungu kinachotaka jedwali la gharama lipitiwe kila baada ya miaka mitatu.

Gharama: warsha ya madiwani TSh 5,200,000, uchapaji na tangazo la kualika pingamizi TSh 1,850,000. Jumla ya mradi mpaka leo TSh 25,130,000, bila mishahara.

24 Machi 2025: Ilipo sasa

Baraza limepitisha. Pingamizi lililokuja kwa maandishi ni moja, la wajenzi wa ghorofa kuhusu mhandisi wa nje. Tumelijibu kwa kuwapa uchaguzi wa kuleta ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa wanayemlipa wenyewe, nasi tutoze ukaguzi wa ripoti tu. Rasimu imeondoka kwenda kuidhinishwa. Uchaguzi mkuu ni Oktoba, na mabaraza yatavunjwa kabla yake. Ikirudi na marekebisho baada ya hapo, hakuna Baraza la kuyapitisha mpaka madiwani wapya waapishwe. Ndiyo sababu Mwanasheria amekuwa akipiga simu kila Jumatatu.

Wakati tunasubiri, tumeomba vipengele vipya viwekwe kwenye mfumo: ramani ya kurudi mara ya tatu, mabadiliko ya ramani, ankara ya pili ya maji ya mvua. Visipokuwemo siku sheria ndogo inapoanza, karani hawezi kutoa namba ya malipo na hakuna kitakachotozwa, hata kama Gazeti la Serikali limeandika.

Njia ya maji nyuma ya nyumba ya muuza vitumbua imeingizwa kwenye bajeti ya 2025/26, mita 140 za mtaro wa mawe, kutoka mapato ya kawaida na si kutoka ada yoyote. Mhandisi ameshaweka vigingi.